Jinsi ya kulisoma shoka kwenye picha ya kale

Nachora picha za vitabu vya historia vya shule za msingi. Kazi hii ina dhamana kubwa, maana mtoto akishamwona mpiganaji wa kale kwenye ukurasa, huyo ndiye atakayebaki naye kichwani hadi uzeeni. Miaka kadhaa iliyopita nilichora askari wa Kiingereza wa mwaka 1066, shoka begani. Nilikwenda Nungwi kwa sikukuu ya Idi, nikaichukua picha ile nikamwonyesha ami yangu, fundi wa majahazi tangu ujana wake. Hakuutazama uso niliouhangaikia siku mbili. Aliweka kidole kwenye shoka.

"Mwanangu, chuma hiki kimeshikwa na nini?"

Nikatazama. Nilikuwa nimechora bamba la chuma limegandana na ubavu wa fimbo, kama bendera na mlingoti wake.

"Pigo la kwanza tu," akasema, "chuma kitakwenda zake na mti utambakia mkononi."

Picha ile sikuipeleka kwa mhariri. Niliichora upya, na tangu siku hiyo kila ninapokutana na shoka kwenye mchoro wa zamani, nalianza pale alipoweka kidole ami. Maelekezo haya ni kwa wachoraji wenzangu, kwa walimu wa historia, na kwa yeyote anayependa kutazama kazi za sanaa za kale akitaka zimwambie zaidi ya "hapa kuna vita".

Unahitaji picha iliyokuzwa vizuri, karatasi, penseli na fimbo ya ufagio. Fimbo ni ya lazima, nitaeleza kwa nini.

Chuma na mti vinakutanaje

Funika kwa mkono uso wa mtu, nguo zake na kila kilicho nyuma yake. Acha shoka peke yake. Sasa tafuta pale chuma kinapokutana na mpini. Duniani kuna njia chache tu za kuviunganisha viwili hivi, na kila njia ina kwao.

Njia ya kwanza ni jicho: chuma kimetobolewa tundu, mpini unaingia ndani, kisha kabari inapigwa juu ili mti utanuke na kukaza. Hili ndilo shoka la dukani tunalolijua, na ndilo shoka la Ulaya tangu enzi za Warumi na kabla yao. Kwenye picha lina alama moja ya wazi, nayo ni kisogo: chuma kinaonekana kidogo hata upande wa pili wa mpini. Hicho ndicho nilichokisahau mimi.

Njia ya pili ni kufunga. Shoka la Misri ya mafarao halikuwa na jicho. Bamba la shaba lilipachikwa kwenye mfuo uliochongwa kwenye mpini, kisha likafungwa kwa kamba za ngozi mbichi. Ngozi ikikauka inajikunja na kubana. Mfano mzuri ni shoka la Farao Ahmose, la miaka kama 3,500 iliyopita, lililopatikana mwaka 1859 kwenye mazishi ya malkia Ahhotep huko Thebes. Mpini wake umevikwa dhahabu, na kwenye bapa farao anaonekana akimpiga adui. Ukilikuza, tazama vifungo: navyo ni vya dhahabu, lakini vimepita njia ile ile ya kamba za ngozi. Sonara alikuwa akitengeneza kitu cha kifalme, na bado hakuthubutu kuachana na namna shoka linavyofungwa.

Njia ya tatu ni yetu, na inaniuma kuona wachoraji wa Kiafrika tukiisahau. Hapa chuma ndicho kinachoingia kwenye mti. Mpini una kichwa kilichovimba kama rungu; kichwa kinatobolewa, na mkia wa chuma uliochongoka unapigwa ndani. Kila pigo linausukuma mkia mbele zaidi, kwa hiyo kadiri unavyofanya kazi ndivyo linavyokaza. Kuanzia kusini hadi magharibi ya bara hili utalikuta shoka hilo, majumbani na makumbusho. Ukiona mchoro wa mkulima wa Kiafrika wa miaka 300 iliyopita ameshika shoka la jicho lenye kabari, jiulize mchoraji alilitoa wapi.

Baada ya hapo ndipo utazame umbo la chuma. Shoka la kupasulia kuni ni nene, linafanana na kabari, kwa sababu kazi yake ni kusukuma mti pande mbili. Shoka la kukatia mti uliosimama ni jembamba kidogo. Shoka la kuchongea mbao lina makali marefu na mara nyingi limenolewa upande mmoja tu, ili bapa la pili lilale juu ya mti. Shoka la vita la watu wa Kaskazini ya Ulaya lilikuwa jembamba sana, na makali yake yamepanuka kama upinde wa mwezi, kwa sababu halikutengenezwa kupambana na gogo.

Mazoezi: kitambaa cha Bayeux

Kama una nafasi ya kuisoma kazi moja tu, isome hii. Ni tarizi ya nyuzi za sufu kwenye kitani, ya karne ya 11, urefu wake unakaribia mita 70 na kimo chake ni kama nusu mita. Kwa kawaida nyumbani kwake ni mji wa Bayeux, Ufaransa, na makumbusho yake yameiweka yote kwenye intaneti, unaivuta kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Inasimulia jinsi William, mtawala wa Normandy, alivyovuka bahari na kumshinda Harold, mfalme wa Uingereza, katika vita vya Hastings tarehe 14 Oktoba 1066.

Watu wengi wanakimbilia vitani. Wewe simama kwanza pale William anapoamuru majahazi yaundwe.

Nilimwonyesha ami sehemu hiyo kwenye simu, tumekaa kivulini pwani, nyuma yetu jahazi likiwa bado mataruma matupu, yaani mbavu zake tu. Kwanza kuna watu wanakata miti. Mashoka yao ni ya mpini mrefu na makali mafupi, na miili imejipinda. Mbele yao yuko mtu peke yake, ameusimamisha ubao wima kwenye panda ya mti ili usicheze, naye anauchonga kwa shoka la aina nyingine kabisa: kichwa chake kina umbo la herufi T, shingo fupi na makali marefu. Ami aliisogeza simu karibu na macho. "Huyu anafanya kazi," akasema. Halafu akanyamaza kidogo. "Msumeno uko wapi?"

Nikapitia sehemu yote ya uundaji. Hakuna msumeno. Nilikuwa nimeitazama picha ile mara nyingi sana na sikuwahi kuliona hilo pengo. Ni kweli, na ndivyo ilivyokuwa: waunda vyombo wa Kaskazini siku hizo walipasua gogo kwa kabari, kisha wakalisawazisha kwa shoka hadi likawa ubao. Mbao zao hazikupita kwenye msumeno. Kwa hiyo shoka lile la T ndilo lililokuwa msumeno na randa kwa pamoja, na mtarizi alilijua vya kutosha kulipa umbo tofauti na la mkata miti aliyesimama hatua chache nyuma yake.

Endelea mbele. Kuna vyombo viwili, kimoja juu ya kingine, na mafundi wako ndani na kando. Mmoja anatoboa kwa kekee kubwa ya kuegemea kifua. Ami aliitambua mara moja, ingawa ya kwetu huzungushwa kwa upinde na kamba. Mwingine amesimama mbele ya omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, akiupima mstari wa chombo kwa jicho. Ukitaka kulinganisha, tafuta michongo ya kaburi la Ti huko Saqqara, Misri, ya miaka zaidi ya 4,000 iliyopita. Huko nako wanaunda vyombo kwa mashoka na matezo, na anayepiga tezo anainama juu ya ubao vile vile anavyoinama ami. Nikiviona viwili hivyo pamoja, kaburi la jangwani na kitambaa cha Ufaransa, na jahazi la Nungwi nyuma yangu, nahisi kama nimekaa kwenye baraza moja na mafundi wote hao.

Sasa nenda vitani. Waingereza wanapigana kwa miguu, na walinzi wa mfalme wana mashoka ya mpini mrefu, wa kushikwa kwa mikono miwili. Wanormandi wako juu ya farasi na mikuki. Hapa jifunze kusoma gharama ya silaha. Mtu mwenye shoka la mikono miwili hana mkono wa kushikia ngao. Akinyanyua, kifua chake kiko wazi. Ndiyo maana tafuta daima aliye jirani yake: je, kuna mtu wa kumkinga? Ukichora mlinzi wa Harold akizungusha shoka peke yake katikati ya uwanja, umechora mtu aliyekwisha kufa.

Mikono, miguu, na fimbo ya ufagio

Simama. Shika fimbo kama mtu wa kwenye picha alivyoshika. Usikadirie kwa macho tu, fanya kweli, na nafasi iwe kubwa usije ukavunja taa.

Mtu anayekata mti kwa nguvu zake zote ana mkono mmoja mwishoni mwa mpini, hauondoki hapo. Mkono wa pili unaanza karibu na chuma, na shoka linaposhuka mkono huo unateleza hadi ukutane na mwenzake. Kwa hiyo chuma kikiwa kinagusa mti, mikono inatakiwa iwe karibu. Ukikuta picha ambayo chuma kimezama kwenye shina na mikono imeachana nusu mita, ama mtu huyo anachonga, ama mchoraji hakuwahi kukata mti. Anayechonga anashika karibu na chuma, mapigo yake ni mafupi, na shoka linapita ubavuni mwa ubao badala ya kuuingia. Mpiganaji naye anaweza kuiacha mikono mbali hata anapopiga, kwa sababu anahitaji kulirudisha shoka haraka.

Miguu inasema zaidi. Mchoraji wa Uswisi, Ferdinand Hodler, aliombwa na benki kuu ya nchi yake mwaka 1908 achore picha za noti, akachora mkata miti kwa noti ya faranga 50. Mwaka 1910 akamchora tena kwa rangi za mafuta. Mtu yule amepanua miguu, shoka limepanda hadi mwisho wa mikono, na mwili mzima umekuwa mstari mmoja wa mshazari. Ichukue ile fimbo ujiweke hivyo hivyo. Utahisi uzito wako wote umening'inia, unasubiri kushuka, na nyonga ndiyo inayotaka kuanza, mikono itafuata. Hodler alikamata nukta ile kabla ya pigo, na ndiyo nukta ninayowashauri wachoraji waitafute, maana pigo likishatua mwili umekwisha kusema.

Sasa linganisha na askari wa Kirumi kwenye nguzo ya kaisari Trajan mjini Roma, iliyokamilika mwaka 113. Wengi wanaikumbuka kwa mapigano, lakini tafuta sehemu ambazo askari wanafyeka msitu wa Dacia, Romania ya leo, ili wapate njia na ngome. Mikono imepanda juu, na miti ya mawe inaangushwa. Jeshi lile lilisonga mbele kwa shoka kama lilivyosonga kwa upanga, na mchonga mawe aliona vyema kuyaandika yote mawili kwenye marumaru moja.

Shoka ambalo halipigi kitu

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Wakiona shoka mkononi wanasema huyu ni mpiganaji. Rudi kwenye kitambaa cha Bayeux, sehemu ambapo wajumbe wa William wanamfikia Guy, mtawala wa Ponthieu, aliyemkamata Harold kabla hajawa mfalme. Guy amesimama na shoka refu, lakini hapigani na mtu. Shoka limesimama wima kama yeye. Hilo ni shoka la kusemea, linamwambia mgeni kwamba mwenye mamlaka hapa ni mimi.

Warumi walikuwa na alama iliyo wazi zaidi. Watumishi wa viongozi wakuu wa dola walibeba fito zilizofungwa pamoja, shoka likiwa ndani yake: fito za kuchapa, shoka la kuua. Ndani ya mipaka ya jiji la Roma shoka liliondolewa kwenye fito, kwa sababu hukumu ya kifo ya raia ilikuwa na taratibu zake. Ukiona fito zenye shoka au zisizo na shoka kwenye mchongo, usipite tu.

Kwa Waluba wa Katanga, nchi ambayo wajukuu wao leo wanazungumza Kiswahili sokoni Lubumbashi, shoka la heshima linaitwa kibiki. Ni shoka la mkia, lile la njia ya tatu, lakini mpini wake umechongwa kichwa cha mwanamke pale pale chuma kinapotokea, na mara nyingine umezungushiwa shaba. Mwenye cheo hulibeba begani. Waluba waliona mwili wa mwanamke ndio chombo chenye nguvu ya kuhifadhi roho ya ufalme, kwa hiyo uso ule una kazi yake, wala haukuwekwa kwa pambo tu. Majirani zao Wasongye walifua mashoka ambayo chuma chenyewe kimeachwa wazi kama dirisha, na kwenye nguzo zake nyembamba mhunzi amefinyanga nyuso ndogo ndogo. Ukilichora shoka kama hilo likipasua fuvu la adui, umemkosea mhunzi, umemkosea na aliyelibeba.

Dalili za shoka lisilopiga ni hizi: nakshi kwenye bapa au karibu kabisa na makali, madini ya thamani, na mshiko wa mkono mmoja uliotulia. Kaburi la Mammen huko Denmark lilitoa shoka lililotiwa nakshi za fedha pande zote mbili. Mbao za kaburi hilo zilikatwa kwenye majira ya baridi ya 970 kuingia 971. Hakuna mtu anayenoa kitu kama hicho kila asubuhi.

Halafu kuna picha za watakatifu wa Ulaya, zenye kanuni yake. Mfalme Olaf wa Norwei anachongwa na kuchorwa akiwa na shoka, na shoka hilo limeingia hadi kwenye nembo ya taifa, mikononi mwa simba. Lakini shoka ni miongoni mwa silaha zilizomuua Olaf huko Stiklestad mwaka 1030. Katika picha za wafia dini, kile mtu alichoshika mara nyingi ndicho kilichomtoa uhai. Kabla hujamwita mtakatifu mwenye shoka kuwa shujaa wa vita, uliza alikufaje.

Mchoraji aliishi lini

Andika miaka miwili pembeni ya karatasi yako: mwaka wa tukio na mwaka wa picha. Picha ya Paul Delaroche ya kukatwa kichwa kwa Lady Jane Grey, malkia wa Uingereza wa siku tisa tu, iliyoko National Gallery mjini London, ni ya mwaka 1833. Tukio ni la mwaka 1554. Delaroche ameliweka ndani ya chumba chenye giza, msichana amevaa nyeupe, mwenye shoka anasubiri. Kihistoria alikatwa kichwa nje, kwenye uwanja wa ngome ya Tower of London. Picha ile inagusa moyo, nami naipenda, lakini siwezi kuitumia kumweleza mtoto mahali tukio lilipotokea. Hivyo hivyo kuwe na tahadhari na Waviking wenye kofia za pembe na mashoka ya makali mawili. Ni mavazi ya jukwaani ya karne ya 19, na mashoka yao halisi yalikuwa na makali upande mmoja.

Zoezi la kumalizia

Fungua tena kitambaa cha Bayeux na ufuate shoka moja tu. Anzia Januari 1066: mfalme Edward amekufa, na watu wawili wanamwendea Harold. Mmoja anampa taji. Wa pili ana shoka. Chora mikono ya watu hao watatu pekee, bila nyuso, mpaka uone nani anatoa, nani anapokea, na shoka limeinamia upande gani.

Kisha vuta hadi karibu na mwisho, kwenye maneno ya Kilatini yanayosema kwamba hapa mfalme Harold ameuawa. Wataalamu wamebishana sana kama mfalme ni yule mwenye mshale usoni, au yule anayeanguka pembeni yake, au wote wawili. Mtazame anayeanguka. Mpanda farasi amemfikia kwa upanga pajani, mwili unalala, na shoka limetoka mkononi. Bado halijafika chini. Weka penseli kwenye vidole vyake vilivyofunguka, chora kutoka hapo hadi kwenye mpini, na upime ile nafasi tupu iliyo katikati.